Kilio cha Pili cha Waya

Daftari nililokwenda nalo Homa Bay lilikuwa na maswali arobaini na moja, na lile lililonipeleka halikuwamo. Niliyaandika kwa miezi, kila nilipotazama kwenye simu filamu za mwongozaji mmoja wa Nairobi niliyetamani kumuuliza. Unajuaje onyesho limekwisha? Watu wawili wakiachana na kamera ni moja, unamfuata nani? Kwa nini watu wako wakinyamaza tunawaamini, na wangu wakinyamaza wanaonekana wamesahau maneno? Maswali mazuri, hata kama najisifu mwenyewe.

Lile la arobaini na mbili niliona haya kuliandika.

Mimi hupiga video za mazishi, kuanzia Uriri hadi popote nitakapoitwa. Baba alipofariki, kaka zangu hawakujisumbua kutafuta mtu wa video. Mtu wa video alikuwa nyumbani. Nikafunga leso kichwani, nikachukua kamera, na nakiri nilifurahi kuwa na kazi, kwa sababu sikujua binti wa marehemu hufanya nini na mikono yake siku nzima.

Huku kwetu mfiwa haingii boma kimyakimya. Huanza kulia barabarani, akapita getini mbio huku akimwita marehemu kwa majina ya sifa, mpaka afike kwenye jeneza. Waya, yaani shangazi yangu, dada wa pekee wa baba, alikuja kutoka Rodi Kopany akaingia hivyo, mikono juu, sauti ikitangulia. Nilimfuata hatua kwa hatua. Alipofika kwenye jeneza nikatazama kamera: taa nyekundu haikuwaka. Nilikuwa nimebonyeza mara mbili, kuwasha na kuzima, kosa la mtu aliyeanza kushika kamera jana.

Nikasema, "Waya, pole, haikushika. Unaweza rudi kwa gate uingie tena?"

Wajomba walinitazama kama mwehu. Waya naye alinitazama, muda mrefu. Kisha akapangusa pua kwa leso, akarudi getini, akaingia upya. Alilia kuliko mara ya kwanza. Akaanguka chini kabla hajafika kwenye jeneza.

Kilio hicho cha pili ndicho kilicho kwenye video, na kila anayeitazama hulia hapo. Mimi sijui ninachokitazama. Kama aliigiza, je, kile cha kwanza? Kama hakuigiza, kilio cha kweli kinaagizwaje kama chai? Na yule aliyeshika kamera, macho makavu siku nzima mpaka majirani wakamsema, ni mtu wa aina gani? Nilijiuliza mpaka nikachoka na nafsi yangu.

Nilikuwa nimeikata video hiyo ikawa filamu fupi. Niliposikia mwongozaji anakuja kukaa na vijana ukumbini Homa Bay na kupokea kazi zao, nikaitia kwenye flashi. Waya sikuwa nimemwomba ruhusa. Niliogopa atanijibu.

Ukumbini kila mtu alipewa swali moja tu. Wa mbele yangu alipoteza lake kwa kuuliza aina ya kamera. Nikasimama, daftari wazi, na mdomo ukauliza lile lisiloandikwa: mtu akilia kwa kweli na kamera isishike, ni haki kumwomba alie tena?

Ukumbi ulicheka. Mwongozaji hakucheka.

"Alikataa?"

"Hapana. Alilia zaidi."

"Ulimuuliza kwa nini?"

"Bado."

"Sasa mimi unaniuliza ya nini?" akasema kwa upole, akamwonyesha kidole anayefuata.

Nilikasirika. Nimetoka Uriri na maswali arobaini na mawili, narudishwa na la arobaini na tatu! Flashi sikumpa. Lakini njia ya kurudi hupitia Rodi, na gari liliposimama pale nikajikuta nimeshuka.

Waya alikuwa barazani akimenya njugu, uteo mapajani. Nilimuuliza kabla hata ya kukaa. Hakuacha kumenya.

"Ya kwanza nililia ndugu yangu," alisema. "Ya pili nilikuwa nalilia wewe, nyathina, mtoto wangu. Baba yako amelala pale, na wewe unaangalia kama hiyo kitu imeshika."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake, si kwa hilo. Nikamwomba ruhusa ya kuionyesha filamu.

"Wewe uko ndani?" akauliza.

"Hapana, Waya. Mimi ndiye nilishika kamera."

"Basi hujamaliza."

Akanyoosha mkono, akauvua mkoba wa kamera begani mwangu na kuuweka juu ya kiti, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

"Sasa enda mpaka kwa gate," akasema. "Uingie tena."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Nikaenda, mikono mitupu, bila kujua niiweke wapi. Nilipogeuka, Waya alikuwa amesimama, uteo umeanguka na njugu zimetapakaa miguuni pake, ananingoja. Nikafungua mdomo nikaita, "Baba."