Benchi la Mbele kwa Mama Anayenyonyesha

Jumanne asubuhi nilipigiwa simu na mwendesha bodaboda mmoja wa karibu na yadi ya malori, akaniambia mama lishe wetu hatunaye tena. Swali langu la kwanza halikuwa "amekufaje" bali "nani kakuambia?" Msomaji unayeishi Tunduma hutanilaumu. Mji huu umeshamzika kwa simu mtu aliyekuwa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, anakunywa chai, na jioni akavuka kurudi kwake akakuta maturubai yameshafungwa. Nikapiga simu ya pili, nikapiga ya tatu, mwishowe nikampata mdogo wake aliyeko Hasamba, na kilio chake ndicho kilichonifanya niamini. Nikabaki nimekaa kitandani na kiatu kimoja mguuni. Niliumia sana. Na chini ya maumivu kulikuwa na aibu niliyoificha kwa miaka mitano, ambayo leo nitaitoa hapa mbele yenu.

Kwa msiomjua, marehemu alikuwa akipika ugali, maharage na dagaa wa kapenta katika kibanda kilichokuwa ubavuni mwa yadi, mkabala kabisa na dirisha la ofisi niliyofanyia uwakala wa forodha kabla kalamu haijaanza kunilisha. Alikuwa mwanamke wa sauti kubwa, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kufoka. Mimi naye tulipishana kama mbingu na ardhi. Kazi yangu ilinifundisha kuutazama mzigo kabla ya kumtazama mbebaji, na mafunzo hayo hayakubaki ofisini. Ukiniletea zawadi nitaitikisa kwanza. Mke wangu husema hata kanisani namsikiliza mchungaji kwa jicho la pembeni, na hasemi uongo.

Siku ninayotaka kuisema ilikuwa ya jua kali. Foleni ya malori ilikuwa ndefu, na akina mama wauza vitu vidogo walipita katikati ya magari na beseni zao. Mmoja alikuwa binti wa kutoka Ndalambo aliyewauzia madereva karanga. Alijifunika kitenge kuanzia mabegani, na chini ya kitenge palikuwa na uvimbe uliosogea kidogo kidogo. Sasa, sisi wa mpakani tunavijua vitenge. Chini ya kitenge imeshapita sukari, imeshapita sabuni, yameshapita hata mafuta ya kula dumu zima. Mtu anayejigubika namna ile kwenye jua lile, nikasema moyoni, ana jambo. Nikamwita mlinzi wa yadi dirishani pangu, nikamwambia kwa sauti ya chini, "Hebu mwangalie yule dada."

Mlinzi akamwamuru afunue. Binti akakataa, akarudi nyuma, akawatazama wanaume waliokuwa wameanza kumzunguka. Kwetu kukataa kule kukawa ndiyo ushahidi. Mlinzi akakivuta kitenge, na mbele ya madereva, mawakala na vijana wa bodaboda tukauona mzigo wenyewe: mtoto wa miezi mitatu, maziwa yanamtoka pembeni mwa mdomo, ameshtuka hata kulia amesahau. Kisha akalia. Wapo waliocheka. Yupo aliyesema binti hana haya, ananyonyesha katikati ya wanaume. Mimi nilijirudisha ndani, nikainamia makaratasi yangu kana kwamba sikuwa na habari.

Marehemu alitoka kibandani na mwiko mkononi. Akakiokota kitenge chini, akakikung'uta vumbi, akambandika binti begani. "Akijifunika mnamwita mwizi, asipojifunika mnamwita malaya," alifoka. "Sasa huyu mtoto ale saa ngapi?" Akamshika binti mkono akampeleka kwenye benchi la mbele, wanapokaa wateja. "Kaa hapa, mwanangu. Mficha uchi hazai, na wewe umeshazaa." Dereva mmoja mwenye sahani mapajani akalalamika, "Lakini mama, si watu tunakula hapa?" Akajibiwa, "Na huyu naye anakula. Tena hajaniuliza kama nyama ipo." Dereva mwingine, Mzambia, akajisogeza, akaligonga benchi kwa kiganja ili binti akae. "Ikaleni, bamayo," alimwambia kwa Kibemba chake, kwa heshima, yaani kaa, mama. Binti akakaa, lakini kunyonyesha hakuweza. Alikishikilia kitenge kwa mikono yote miwili, na mtoto akaendelea kulia mpaka akasinzia kwa uchovu.

Baada ya siku ile hatukumwona tena binti wa karanga. Zikapita kama wiki tatu, kisha asubuhi moja tukakuta kibanda kimefungwa. Mama lishe akifunga kibanda siku ya kazi bila kuaga, huku kwetu jibu huwa ni moja: kaenda kwa mganga kutafuta dawa ya biashara. Mimi nilikuwa wa kwanza kulisema, na nililisema kwa uhakika wa mtu aliyemwona akipanda gari. Kumbe alikuwa kapanda gari kweli, ila la kwenda Ndalambo kumtafuta yule binti. Alimkuta nyumbani kwao amekaa na mtoto aliyeingia macho ndani. Tangu siku tuliyomvua kitenge, binti aliapa hatanyonyesha tena nje ya nyumba. Akawa anamwachia bibi mtoto na chupa ya uji mwepesi, yeye anatoka alfajiri kwenda kuuza karanga minadani na kurudi jioni. Mtoto akaanza kuhara, na maziwa ya mama nayo yakaanza kukauka. Muuguzi wa kituo cha afya aliwaambia bila kuzunguka: mtoto huyu arudishwe kwenye ziwa, mchana na usiku, kila atakapotaka, la sivyo hatafika mbali.

Haya yote marehemu aliyasema mwenyewe, kwa sauti, huku anapakua, mimi nikiwa na sahani mkononi. Alikuwa amewaleta mama na mtoto wakae kwake. Kila siku binti alikaa benchi la mbele, karanga zake pembeni, mtoto kifuani, bila kitenge cha kujigubika. Siku za mwanzo mtoto alivuta akakosa, akalia, akavuta tena, na mimi nilishindwa kuandika hata mstari mmoja wa fomu zangu. Nilijua akifa nitakuwa nimeshiriki. Sikumwambia mtu. Siku moja, nadhani ni wiki ya pili, nikamwona mtoto amelala, na kifua cha nguo ya mama yake kimelowa maziwa. Nikatoka nikaenda nyuma ya ofisi nikalia, kisha nikanawa uso.

Mtu mwingine angeishia hapo na kushukuru. Mimi nikaanza kumshuku marehemu. Benchi lile likazidi kupata wageni: akina mama wa Nakonde waliovuka kuuza samaki, abiria waliosubiri magari, wote wakijua kwamba pale mtoto ananyonya bila kuulizwa. Nikajiuliza huyu mama anatafuta nini. Kibanda chake kilikuwa na upande wa nyuma wenye kivuli na pazia. Kwa nini awaweke mbele, juani, machoni mwa watu? Nikamfuata nikamuuliza. "Nyuma ni pa majivu na masufuria machafu," alisema. "Wewe baba, chakula chako huwa nakupakulia huko?" Nikamuuliza tena, basi faida yake iko wapi. Akaendelea kupakua. "Kwani wewe ulikuzwa na nini, makaratasi ya forodha?" Watu wakaangua kicheko, nami nikacheka nao, nikaondoka na shaka yangu.

Nimeifikiria shaka hiyo mara nyingi. Shambani Ndalambo, mama huweka jembe chini, hukaa kwenye tuta, hunyonyesha, na hakuna mwanamume anayepinda shingo. Mama yangu alininyonyesha minadani na kanisani, na sijasikia kwamba ibada iliharibika. Ni sisi wa mjini tuliojifunza kuutazama mwili wa mama kama kitu kinachovushwa kwa siri. Tunasikia hotuba nzuri juu ya maziwa ya mama, zinatolewa chini ya maturubai na watu waliovaa fulana mpya, na mimi, mniwie radhi, naishuku kila hotuba ya namna hiyo ambayo hakuna mtoto anayenyonya hapo mbele. Akina mama wenyewe utawakuta wamesimama nyuma ya gari. Anayependa kujifunika na ajifunike, ni hiari yake. Kinachonitia mashaka ni pazia linaloletwa na mtu ambaye hakuombwa.

Tulimzika Alhamisi, Hasamba. Yule mlinzi alisimama akasema marehemu alikuwa mama wa wote. Nilimtazama kwa dharau, halafu nikakumbuka aliyemtuma. Wakaniita nami niseme, kwa kuwa eti mimi ni mtu wa maneno. Nilikuwa nimeyaandaa, mazuri, kwenye karatasi. Lakini upande wa akina mama, kwenye mkeka, alikuwa amekaa yule binti wa Ndalambo, sasa mama mzima, kijana wake wa miaka mitano amemlalia begani, na kichanga kingine kinanyonya mbele ya mchungaji, wazee na wakwe. Karatasi sikuisoma. Nikasema, "Siku ile aliyemtuma mlinzi amfunue huyu dada ni mimi. Nilimdhania amebeba magendo. Sijawahi kumwomba msamaha yeye wala marehemu."

Binti hakuinuka, wala hakumtoa mtoto kwenye ziwa. "Baba, mbona tunajua," alisema. "Mama alikuona dirishani siku ileile. Mimi nilitaka kukuchukia, akanikataza. Akaniambia, kaa pale anapokuona, nyonyesha kila siku mpaka azoee. Si mtu mbaya, ni mwoga tu."

Kwa hiyo katika maisha yangu yote ya kushuku, mara hii moja nilikuwa sahihi: mambo ya kibandani pale yalikuwa na mpango wa siri, na mpango wenyewe ulikuwa mimi. Wahenga walituonya kwamba mazoea yana taabu, ila yapo mazoea mengine yanayookoa roho. Ukimkuta mama ananyonyesha kwenye benchi la stendi, au ofisini, au pembeni yako kanisani, usimtafutie pazia, msogezee nafasi akae vizuri. Macho yako yakikataa yarudishe kwenye sahani yako, polepole yatazoea kama yangu. Sisi watu wazima tunao muda wa kuzoea. Mtoto ana njaa sasa hivi.