Mwenye Shati la Kijani

Harufu ya petroli ya jenereta ikiingia dirishani, mkono wangu hutafuta mkono wa kaka.

Mchana ule tulikuwa kwenye kibanda cha video pale Mpanda, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Kaka ndiye aliyeshika pedi ya kuchezea. Ilikuwa gemu ya Kijapani, sehemu ya pili, na wale wafu tuliowamaliza katika sehemu ya kwanza walikuwa wamerudi, wanakokota miguu, midomo wazi.

"Misukule hao," mwenye kibanda akacheka.

Nikamsogelea kaka. Tangu tumzike baba kule Kakese, bibi alikuwa akisema hakufa, kachukuliwa msukule, analimishwa mashamba ya watu.

Kwenye kioo cha TV, mmoja wao akatokea mwisho wa korido, shati la kijani, bega moja limeshuka. Baba alitembea hivyohivyo.

"Kaka, usimpige yule."

"Ni gemu tu, we mtoto."

Lakini kidole chake hakikubonyeza kitufe. Yule mtu akazidi kusogea, mpaka uso wake ukajaa kwenye kioo.

"Piga! Nyie, atawatafuna!" watoto wakapiga kelele nyuma yetu.

Kaka akaiweka pedi chini, akamwacha atufikie.