Kipaimara cha Odeta na Gitaa la Mchungaji Kahigwa

Kahigwa alikuja Mwanza mwaka 1972 kuwa mchungaji wa vijana katika usharika wetu, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliompigia makofi. Nasema hivyo mapema nisije nikajifanya nilikuwa mwerevu kuliko wengine. Alikuwa kijana wa kwetu, Mhaya wa ng'ambo ya ziwa kama sisi, kashuka melini na sanduku moja la bati na maneno ya kujaza masanduku kumi. Akihubiri, alijisikiliza mwenyewe kwanza, kisha ndipo anatutazama kama tumesikia vizuri.

Kilichomharibu ni gitaa la umeme. Mmisionari mmoja aliyekuwa akirudi kwao alimwachia, pamoja na ampilifaya iliyonguruma hata bila kuguswa. Haikupita miezi mitatu, Biblia yake ikaota vumbi na vidole vyake vikaota sugu. Akatangaza kwamba vijana wa nchi inayojitegemea hawavutwi kwa Yesu kwa kinanda cha kukanyaga. Wanataka muziki wa roki. Wazee wa kanisa walipouliza roki ndiyo nini, akawaambia ni utamaduni wetu uliochukuliwa na wageni, yeye anaurudisha nyumbani. Siku zile ukitaja utamaduni, nani angethubutu kukubishia? Bendi akaiita Azimio la Mbinguni, na kwa jina hilo hata balozi wa nyumba kumi alikuja kuisikiliza akiwa amevaa beji yake.

Suruali za bugaluu nilimshonea mimi, kwa cherehani yangu hapa Mabatini. Alikuja na kitambaa cheupe kilichonunuliwa kwa ajili ya majoho ya kwaya.

"Shikamoo, dada Getruda. Chini zipanuke, dada, zipanuke kabisa. Bwana ametupa uhuru."

"Marahaba. Uhuru wa mita ngapi, Mchungaji?"

Akacheka, nami nikacheka, nikashona. Kwaya ikaendelea kuvaa majoho yaliyochanika kwapani. Siku walinzi wa mtaa, waliokuwa wakiwinda mavazi ya kigeni, walipomkamata sokoni wakazikata suruali zile kwa mkasi mpaka magotini, alihubiri Jumapili mbili mfululizo juu ya mateso ya mtume Paulo. Nilimshonea nyingine.

Basi, mwaka uliofuata dada yangu Immaculata akaugua. Kifua kikuu kilikuwa kimemmaliza, na daktari hakuficha. Alikuwa na binti mmoja, Odeta, wa miaka kumi na minne, na alikuwa na ombi moja tu: kupokea Chakula cha Bwana pamoja na mwanawe, mara moja, wamepiga magoti ubavu kwa ubavu. Kwetu Walutheri mtoto hakaribii meza ile kabla ya kipaimara, na kipaimara hapewi mpaka asimame mbele ya washarika wote ahojiwe mafundisho. Siku ilipangwa Novemba. Immaculata akawa anahesabu Jumapili. Alikataa hata kupelekwa Bukoba kwa mama yetu, akisema atasafiri baada ya Novemba.

Mafundisho yalikuwa kila Jumamosi saa nane mchana, na mwalimu alikuwa Kahigwa. Odeta akirudi, mama yake anamuuliza, "Leo mmefundishwa nini?"

"Nyimbo, mama."

"Na mafundisho?"

"Mchungaji anasema yamo humo humo kwenye nyimbo."

Immaculata akanitazama mimi. Nikamwambia mtumishi wa Mungu anajua anachofanya. Nilisema hivyo suruali ya mtumishi huyo ikiwa mapajani pangu, naitia pindo.

Siku ya kuhojiwa, mchungaji wetu mkuu, Cleophace, mzee asiyecheka hata arusini, aliwasimamisha watoto kumi na wawili mbele ya kanisa. Akauliza maana ya ubatizo. Watoto wakatazamana. Akauliza sakramenti ni ngapi. Mmoja akasema tatu, mwingine akasema inategemea. Chenge, mtoto wa fundi baiskeli, kwa woga akaanza kuguna besi ya wimbo wao, dum-dum, dum-dum, na wenzake wakampokea kwa makofi, kwa kuwa hicho ndicho walichofundishwa na walikijua barabara. Immaculata, ambaye tulimbeba kwa kiti mpaka mbele, alijifunika uso kwa kanga. Kahigwa akasimama na kusema Roho ameshuka! Mzee Cleophace akasema kipaimara kitakuwa Pentekoste ya mwakani, na Kahigwa asikanyage tena madhabahu yake. Jioni nilimwendea mzee nikamsihi amhoji Odeta peke yake baada ya wiki chache. Akasema utaratibu ni utaratibu.

Immaculata alifariki Februari.

Na Kahigwa? Usimwonee huruma. Kufukuzwa kulimnenepesha. Akafuga nywele, akapanda viatu vya raizoni vya soli nene, akazunguka Kisesa na Misungwi na gitaa lake, akijiita mwimbaji wa Injili aliyekataliwa na Mafarisayo. Watu walimfuata kwa malori. Kulipopita mwaka akarudi Mwanza kupiga ukumbini, nami nikaenda na Odeta. Odeta alikuwa ameshapata kipaimara chake, amejibu kila swali, amepiga magoti peke yake. Mimi nilikwenda kumuumbua yule mtu mbele za watu, sina haja ya kuficha.

Katikati ya onyesho akapunguza sauti ya gitaa. "Nitawaimbia habari za mama mmoja wa hapa hapa Mabatini," akasema, na machozi tayari yamekaa mahali pake. Akaimba juu ya mama mgonjwa na binti yake, jinsi alivyomfundisha binti yule kwa uvumilivu, jinsi mama na mwana walivyopiga magoti pamoja wakaumega mkate, na mama akalala kwa amani. Hakuona haya hata chembe. Wanawake walilia ukumbi mzima.

Nikasimama. Nilikuwa nimeshafungua kinywa Odeta aliponivuta gauni.

"Kaa, mama mdogo."

"Anadanganya huyu! Mbele yako, anadanganya!"

"Najua. Lakini humo kwenye wimbo nimekula na mama. Mwache amalize."

Nikakaa. Wimbo ulipokwisha, Odeta ndiye aliyepaza sauti kuliko wote, akimwomba arudie.