Polisi wa Sukari

Pale mtaani walimwita Polisi, na jina likamkaa. Mume wake, kinyozi mwenye maneno mengi, alikuwa na kisukari tangu ujana, na huyu mama alijipa kazi ya kumlinda mchana kutwa. Alimnusa mdomo akirudi kazini. Soda zikifunguliwa kwenye sherehe, jicho lake lilikuwa kwenye mkono wa mumewe.

"Hivi mimi nilioa au nilikamatwa?" kinyozi aliwauliza wateja wake, nao wakavunjika mbavu.

Lakini usimcheke. Ni yeye aliyemweka hai miaka yote hiyo, na alimpenda kupita kiasi.

Kisha homa ya mapafu ikampiga kinyozi. Sukari ikapanda, damu ikajaa asidi, akawa anahema kama aliyetoka kukimbizwa. Wakamlaza wodini, mkono mmoja dripu ya maji, mwingine mashine ndogo ya kusukuma insulini. Kesho yake akafumbua macho, akaomba kioo aone ndevu zake. Polisi alicheka mpaka akalia.

Mchana muuguzi akaja kutundika dripu nyingine.

"Hii ya nini tena, sista?"

"Ya sukari, mama. Yake imeshuka, ila asidi bado. Insulini haiwezi kusimama mpaka…" Kitanda cha pili ndugu wa mgonjwa wakapiga kelele, muuguzi akakimbilia huko. Hakumaliza.

Sukari! Kwa mgonjwa wa kisukari! Polisi alihisi damu inamchemka. Miaka yote ya kunyang'anya biskuti, leo waje kummiminia mshipani? Akakaza kile kigurudumu cha dripu mpaka matone yakakatika, akamfunika mumewe vizuri alale. Mashine ya insulini hakuigusa. Hiyo aliijua ni dawa.

Muuguzi alichelewa kurudi, maana yule wa kitanda cha pili alikuwa anakata roho. Kinyozi akaloa jasho, mkewe akampangusa akidhani homa inaachia. Alipoanza kutetemeka na kukakamaa, ndipo Polisi alipopiga mayowe. Insulini iliyoendelea kuingia peke yake ilikuwa imeishusha sukari yake mno. Wakamsukumia sukari mshipani haraka haraka. Uhai ukabaki, lakini ubongo ulikuwa umeshaumia.

Polisi alimweleza daktari kila kitu. Daktari hakumfokea, na hilo lilimuuma zaidi.

Siku kinyozi alipoweza kuketi, alimtazama mkewe kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mgeni.

"Dada, na wewe umekuja kumwona nani?"

"Mume wangu," alijibu, akijifuta machozi.

"Pole sana. Usilie, atapona tu."