Dripu ya Mkaguzi

Pale kliniki ya wanyama, wote walimwita Sista, madaktari kwa wateja, na wagonjwa wake walikuwa paka. Habari za mbwa aliwaachia wenzake. "Mbwa akiumwa mtaa mzima utajua," alikuwa akisema. "Paka anakuficha mpaka amekwisha, halafu unaulizwa ulikuwa wapi."

Alikuwa na mikono ya taratibu. Paka akiletwa amejikunyata kwenye kikapu, hakumvuta kwa ukosi kama wanavyofanya wenye haraka. Alifungua kifuniko, akamfunika taulo mgongoni, akampima humo humo ndani. Wapo waliokuja na kisukari, vibonge wa kukaa dirishani. Wapo waliokuja na tezi ya shingo, wanakula kama waliotoka kifungoni na bado wanakonda. Wengi zaidi walikuwa wazee wa figo. Hao ndio aliowapenda. Aliwapashia chakula moto kidogo ili harufu ipande, akawawekea maji kwenye bakuli pana lisilobana sharubu, na paka aliyekuwa hajagusa kitu tangu jana yake akishalamba mara moja, Sista alitembea wodini kama aliyefunga bao.

Mama yake alikuwa fundi cherehani. Alikuwa amestaafu kwa maneno tu, maana wateja bado waligonga mlango na suruali za kupunguza. Majirani wakimuuliza binti yake wa mwisho anafanya kazi gani, alijibu, "Nesi," akaishia hapo. Nesi wa nani, aliacha wajikisie wenyewe. Sista alilijua hilo na likamkaa moyoni miaka mingi. Kugombana hawakuwahi kugombana. Walikuwa tu wamebaki watu wa kupigiana simu, habari za nyumbani, nzuri, haya basi, na kila mmoja kurudi kwenye shughuli zake.

Mama alikuwa na paka wa rangi ya jivu aliyemwita Mkaguzi, kwa sababu hakuna sufuria iliyofunikwa nyumba ile asiyoifikia. Siku moja mama akapiga simu mchana, saa za kazi, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo.

"Mkaguzi wangu anakunywa maji kama gari bovu la rejeta," alisema. "Anakunywa, anakojoa, anakunywa. Na amekonda, mwanangu. Namshika mgongo nasikia mifupa."

Sista hakuhitaji kuambiwa zaidi. Alimfuata paka jioni ile ile akampeleka kliniki, daktari akamtoa damu, na majibu yakawa yale aliyoyatarajia: figo zimechoka, hazitapona, ila anaweza kusaidiwa aishi vizuri kwa muda. Chakula laini, dawa ya kichefuchefu, na dripu ya maji chini ya ngozi, siku moja ndiyo, siku moja hapana. Dripu hiyo mwenye paka hufundishwa akaifanya mwenyewe nyumbani. Sista alikuwa amefundisha watu wa kila namna, hata dereva mmoja wa lori aliyeanguka kwa kuona sindano, na baada ya wiki akawa anaifanya huku anapiga mluzi.

Akamfundisha na mama. Akavuta ngozi ya Mkaguzi katikati ya mabega ikasimama kama hema dogo, akamwonyesha pa kupenya. Mama akashika sindano, akaiangalia, akairudisha.

"Mimi siwezi. Mikono inatetemeka. Nitamuua mtoto wa watu."

"Mama, si wewe unayetunga uzi bila miwani?"

"Uzi hauumii," mama akasema.

Sista akakuna kichwa. Hakukuwa na namna. Akawa anatoka kazini na mfuko wa dripu kwenye mkoba, anakwenda kwa mama.

Maji yale hayana haraka. Mfuko hutundikwa juu, kwa mama ulitundikwa kwenye msumari wa kalenda, na paka anatakiwa atulie mpaka kiasi chake kiingie. Mama alikaa kwenye kiti cha cherehani na Mkaguzi mapajani, Sista akasimama na macho kwenye matone. Na mama, ambaye kwenye simu maneno yalikuwa yakimwishia haraka, akaanza kuongea. Aliongea habari za marehemu baba yao alivyokuja kuposa na viatu vya kuazima. Aliongea habari za utoto wa kaka yake Sista, alivyokata pazia la mteja akajitengenezea bendera.

"Unajua mimi kabla ya baba yenu nilitaka kufungua duka," alisema jioni moja. "Duka la magauni ya harusi. Mimi na rafiki yangu mmoja. Tulishapata hata chumba."

"Mshike kichwa, mama, anataka kutoka."

"Nimemshika. Basi huyo rafiki yangu alikuwa na akili huyo! Akaniambia, tukitaka jambo letu liende..."

Simu ya Sista ikalia. Kliniki: paka dume ameletwa, hawezi kukojoa, mipira midogo ya kutolea mkojo inawekwa wapi? Akaelekeza, akachomoa sindano, akabonyeza ngozi kwa pamba, akabeba mkoba.

"Utanimalizia kesho kutwa, mama."

"Haya, mwanangu. Haina haraka."

Kesho kutwa yake waliongea mengine. Sista hakukumbuka kuuliza, na mama hakurudia.

Mkaguzi alienda vizuri kuliko walivyotegemea. Halafu akaanza kushuka. Aliacha chakula, mdomo ukawa na vidonda, akawa analala kando ya bakuli la maji kama aliyechoka kurudi. Sista aliijua hatua hiyo. Alikaa na mama mezani akamwambia kwamba wakati umefika wa kumpumzisha kwa sindano.

"Hatuwezi kuongeza dripu?" mama akauliza. "Hata ukija kila siku?"

Hapo Sista akamjibu kwa sauti yake ya kazini, sauti nzuri, ya upole, aliyowajibu wateja wote. "Mama, hapo tutakuwa tunamtunza yeye, au tunajitunza sisi?"

Mama akakunja kitambaa kilichokuwa mezani, akakikunjua, akakikunja tena. "Sawa," alisema. "Wewe ndiye unayejua."

Daktari alikuja nyumbani asubuhi. Mkaguzi alilala mapajani palepale alipozoea, bila purukushani, na kwa paka ule ulikuwa uamuzi wa haki. Sista hakuwahi kuujutia. Alichojutia ni kilichofuata: aliondoa mfuko kwenye msumari, akasafisha, akaondoka, na hakuwa tena na sababu ya kupita pale. Si kwamba aliamua. Kazi ilizidi, akasema Jumapili, Jumapili akalala. Mama alipopiga simu walisalimiana. "Usijali," mama alisema kila mara. "Najua kazi zenu."

Kiharusi kilimkuta mama jikoni. Aliyemwokota ni jirani wa mlango wa pili, mama mmoja mnene mwenye kucheka sana, na ndiye ambaye Sista alimkuta hospitali nje ya wodi, ameshika kandambili za mgonjwa mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole. Pole kweli." Yule mama akafuta uso kwa upande wa kanga. "Na mimi sasa sijui nani atanichoma. Mama yako ndiye ananichoma sindano ya sukari kila asubuhi, mwaka wa ngapi huu. Mimi mwoga. Yeye hata husikii ameingiza saa ngapi. Mkono mwepesi yule!"

Sista alimtazama. "Mama? Mama anachoma sindano?"

"Kwani hukujua?"

"Aliniambia anatetemeka mikono. Nilikuwa nakuja mimi kumwekea paka dripu."

Yule jirani akaanza kucheka, akidhani ni mzaha, kisha akaona uso wa Sista na kicheko kikakatika. "Ah," alisema, akashusha sauti. "Basi alikuwa anakutaka uje, mwanangu."

Mama alipona nusu. Alirudi nyumbani, akawa anakula, anakaa, anamjua kila mtu, lakini maneno hayakurudi. Zilitoka sauti tu, na akiona hazieleweki aligeuza uso ukutani. Sasa Sista anakuja kila jioni. Anamnawisha, anamsugua mkono uliokufa, anamweleza wagonjwa wa siku hiyo, nani amekula na nani amemparura daktari. Mama husikiliza kwa makini, kwa macho yote.

Jioni moja Sista alimpigia simu kaka yake aliye mji mwingine. "Kaka, mama aliwahi kukuhadithia habari za duka la magauni? Na rafiki yake?"

"Duka gani?"

"Alitaka kufungua kabla ya baba. Sijui liliishia wapi. Sijui hata huyo rafiki aliitwa nani."

"Mimi hajawahi kuniambia kitu kama hicho," kaka alisema. "Nilidhani ninyi ndio mlikuwa mnakaa mnaongea."