Mkono wa Sita

Wajukuu wangu wakiwasha televisheni Jumamosi, mimi husikia kicheko kabla sijaona picha. Ni kile cha watu wengi wakicheka pamoja, wakimcheka mtu mmoja aliyesimama mbele bila kujua aende wapi. Wao hufurahi. Mimi huacha kuchambua maharagwe, mikono inatulia kwenye ungo, na ghafla niko Nakuru ya zamani, miaka ya hamsini, katika ukumbi wa landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli. Nasikia harufu ya makaa na jasho, na ya unga wa ngano uliomwagika sakafuni.

Sikusoma sana, kwa hivyo nitasema kama ninavyojua.

Televisheni wakati huo hatukuwa nayo. Tulikuwa na Bwana Suruali. Alikuwa mchekeshaji aliyekuja Jumamosi moja kila mwezi, saa nane mchana, amevaa suruali ambayo watu wawili wangeingia na nafasi ibaki. Aliigiza mtu aliyetoka kwao kupanda treni mara ya kwanza, akavua viatu mlangoni kwa heshima, kisha akafika Nakuru na kuuliza kila mtu, "Mmeona viatu vyangu? Nimeviacha hapa hapa." Tulicheka mpaka mbavu zikauma, na wengi wetu baba zetu walikuwa wamefanya hivyo hivyo. Halafu ilikuja michezo. Kupuliza unga wa ngano kwenye sahani utafute peremende kwa mdomo. Kula mkate unaoning'inia kwa uzi, mikono nyuma. Na zawadi zilikuwa zawadi kweli, si kama hizi za siku hizi za kupigiwa makofi tu.

Mwaka huo mama alikuwa amejifungua ndugu yangu, na Kukhu, mama yake mama, alikuja kutoka magharibi kumsaidia. Sasa elewa hapa, maana vijana wa leo hamjui. Kwetu mwanaume na mama mkwe wake hawagusani. Hawasalimiani kwa mkono, hawali pamoja, hawalali chini ya paa moja. Na landhi ilikuwa chumba kimoja. Kwa hivyo siku Kukhu alipoingia na kikapu chake, baba alitoka. Alikuwa mtia makaa kwenye injini. Akirudi kazini, mweusi mpaka masikioni, alienda kulala kwa rafiki yake asiyeoa, chini sakafuni, amejifunika koti lake la kazi. Na Nakuru asubuhi si mchezo, upepo unatoka Molo na meno.

Mimi nilikuwa na miaka minane na nilikuwa posta yao. Baba alisimama nje, mgongo kwa mlango, na kusema, "Nekesa, muulize kukhu wako kama amelala vizuri." Kukhu alikuwa hatua tano ndani, amesikia kila neno. Lakini alingoja niseme, ndipo ajibu, "Mwambie nimelala. Muulize kama amekula." Nilikimbia huku na huku kama mjinga. Moyoni nilijua jambo moja: baba anamchukia Kukhu. Kwa nini kingine mtu amgeuzie mwenzake mgongo?

Jumamosi hiyo zawadi kubwa ilikuwa blanketi. Nzito, ya kijivu, ina mstari mwekundu. Mama aliiangalia tu, akanifunga mtoto mgongoni na kuniambia, "Hiyo ni ya baba yako. Hatalala tena na koti."

Mchezo ulikuwa huu. Wanawake watano wanasimama nyuma ya shuka iliyotundikwa kwenye kamba, wanatoa mkono mmoja mmoja kwa chini. Mume anafungwa macho nje, analetwa, anagusa mikono yote mpaka mwisho, ndipo anachagua wa mke wake. Mwanamke akinong'ona, wametoka. Mtu akimsaidia mume, wametoka.

Wa kwanza alichagua mke wa jirani yake. Mtu akapiga kelele kutoka nyuma, "Huo ameuzoea!" na ukumbi ukaanguka. Wa pili alishika mkono wa mkewe akasema, "Huyu hapana, huyu ana mkono kama wa seremala." Huyo sijui alilala wapi.

Kisha wakamleta baba.

Mama alikuwa wa kwanza kwenye laini. Nilimjua kwa kidole kilichoungua na sufuria. Baba alipoushika mkono huo nikaona kona ya mdomo wake imepanda. Alishajua. Lakini sheria ilikuwa sheria, mpaka mwisho. Akaenda wa pili, wa tatu.

"Hee!" Bwana Suruali akasema, akihesabu kwa kidole. "Walikuwa watano, sasa ni sita! Wamezaa huko nyuma!"

Watu wakacheka. Mimi nikaangalia mkono wa sita. Ulikuwa na bangili ya shaba, na kiganja kimeangalia juu, kama mtu anayengoja kupewa kitu.

Kosa lilikuwa langu. Mimi ndiye niliyemfundisha Kukhu mambo ya mjini. Nilimwambia, "Kukhu, hapa ukiona wanawake wamepanga laini, ingia kwanza, utauliza baadaye." Maana posho iligawiwa kwa laini, maziwa kwa laini, sabuni kwa laini. Naye alikuja kunitafuta, akapitia mlango wa pembeni, akaona wanawake wamepanga, mikono nje. Akaingia.

Baba alikuwa ameshafika mkono wa nne. Akaenda wa tano.

Nilijua nikifungua mdomo blanketi imeenda. Nilijua pia akiugusa mkono ule, Kukhu atafunga kikapu chake siku hiyo hiyo, wazee wataitwa, mbuzi atachinjwa kuondoa mwiko, na pengine Kukhu hatakanyaga tena kwetu. Nilikimbia na mtoto mgongoni, kichwa chake kikigongagonga, nikapanda jukwaani na kumvuta baba koti. Akainama. Nikamwambia sikioni, "Wa mwisho ni Kukhu."

Mkono wake ulikuwa umebakiza upana wa kidole kuugusa ule wa Kukhu. Aliurudisha nyuma ya mgongo kama mtu aliyeungua.

"Ametoa siri!" Bwana Suruali akaruka. "Mtoto amemwonyesha mkono wa mama yake! Mzee, mkono wa mke wako mpaka uonyeshwe na mtoto?"

Ningesema. Nilikuwa na maneno tayari mdomoni. Baba, macho bado yamefungwa, akaweka mkono wake juu ya kichwa changu na kukibonyeza chini. "Ndiyo," akasema. "Nimeshindwa kumjua." Akashuka jukwaani akakosa ngazi na kuanguka kwa magoti, na watu wakashangilia, walidhani ni sehemu ya mchezo.

Kukhu alitoka kwa mlango wa pembeni akinung'unika kwamba posho ya Nakuru ni maneno tu.

Miezi mingi baba akipita na koleo lake, wanaume walinyoosha mikono. "Baba Nekesa, hebu shika. Huyu ni nani?" Alicheka nao. Nilimwuliza kwa nini hasemi ukweli. Akanijibu, "Mkwe wangu hatajwi ukumbini." Basi.

Mama nilimwambia siku ile ile. Alifunika mdomo kwa leso, akacheka mpaka akalia, na sikujua ni wapi kimoja kiliisha kingine kikaanza. Lazima ndiye aliyemwambia mama yake.

Siku Kukhu aliporudi kwao tulimsindikiza stesheni. Baba alisimama karibu na tangi la maji, hatua kumi, mgongo kwetu. Treni ilikuwa imeshaanza kupumua. Kukhu akaniita, akasema kwa sauti ambayo hata mabehewa yalisikia:

"Mwambie baba yako nimesikia wanavyomcheka. Mwambie siku nilipompa binti yangu sikujua nimempa nani. Sasa nimejua."

Nikazitembea zile hatua kumi. Nikamwambia neno kwa neno.

Baba hakugeuka. Alikuwa anaangalia reli. "Rudia," akasema.

Nikarudia. Nilimhurumia, nilidhani kelele za injini zimeshamharibu masikio. Nilikuwa mama mkwe mwenyewe, mzee wa kutosha, na baba amelala zamani kaburini, ndipo nilipojua kwamba alikuwa amesikia tangu mara ya kwanza.