Pweza na Jioni

Ulikuwa mwaka wa mbaazi za msaada. Tumerudi Palma baada ya kukimbia vita, shamba limekuwa pori, wavuvi ndiyo kwanza wanaomba ruhusa ya kutoka, na sisi tunakula mbaazi asubuhi, mbaazi jioni, mpaka mtoto wa jirani akiona chungu analia. Nazi tulikuna moja kwa wiki. Mwaka huo mjukuu wangu akaja kutoka chuoni Nampula, na simu yake mkononi, akataka niseme nimekula pweza.

Si pweza tu. Pweza na jioni.

Mjukuu wangu huyu anasomea mambo ya lugha, na kazi yake ya mwisho ni Kiswahili chetu cha pwani hii. Alinikuta barazani nashona mkeka, akaketi, akawasha simu.

"Bibi, sema: nimekula pweza na wali, jana na leo."

Nikasema.

"Unaona? Pweza amekwenda na wali, jana imekwenda na leo. Kinachokubali kuungwa na mwenzake ndicho kipande. Hivyo ndivyo tunavyojua sentensi imegawanyika wapi ndani."

Nikamwambia hilo halihitaji chuo. Mkeka ni hivyo hivyo. Unasuka ukili, ule utepe mrefu wa miaa, halafu unaunga ukili kwa ukili. Uliokazwa na uliokazwa. Ukiuunga na uliolegea, mkeka unavimba katikati, na mgeni akikaa anajua. Mimi nikikosea naingia ndani, nafunga mlango, nafumua. Mkeka wangu mbovu hajauona mtu.

Alifurahi, akaandika. Nami nikajiona mwalimu. Hapo ndipo alipoharibu.

"Sasa sema: nimekula pweza na jioni."

"Jioni inaliwa?"

"Hailiwi, bibi. Pweza na jioni si vipande vya namna moja, ndiyo maana nataka useme. Profesora, mwalimu wetu chuoni, anataka sauti ya mwenyeji, nzuri na mbovu, azilinganishe."

"Hilo silisemi. Kinywani mwangu halipiti."

"Mara moja tu."

"Sema wewe, una kinywa."

"Mimi nimesomeshwa Kireno tangu mdogo, hawatanihesabu. Wewe ndiye mwenyewe."

Alidhani ni ukaidi wa uzee. Hakuwapo siku ya orodha ya chakula. Karani aliniuliza kwa Kireno, na mimi darasa la pili sikulimaliza, nikamjibu kwa Kireno changu cha vipande. Akamrudia mwenzake maneno yangu vile vile nilivyoyavunja, foleni nzima ikacheka. Wiki mbili wanawake kisimani wakinisalimia kwa maneno yale. Nyumba niliiacha, mbuzi niliwaacha, Kiswahili changu nikatoka nacho na kurudi nacho bila kupungua. Leo nikivunje mwenyewe, kwa hiari yangu, ndani ya simu, kipelekwe Nampula?

"Mke mwenzangu," nikamwambia, "andika bibi yako amekataa."

"Nitaandika bibi yangu mkaidi."

"Andika. Na andika pweza sijamwona tangu turudi."

Hakucheka. Ijumaa akapanda chapa, lile basi dogo la abiria, bila kunibusu mkono, na mbaazi nilizomfungia akaziacha pale barazani. Mjukuu niliyemlea mimi. Nilizimaliza mwenyewe, kwa hasira, siku tatu.

Mwezi ukapita, akapiga. Kumbe siku ile simu haikuzimwa. Kukataa kwangu kote kumo ndani, na profesora amewasikilizisha wanachuo darasani.

"Amesema huo ndio ushahidi, bibi. Mwenye lugha anapokataa."

"Walicheka?"

"Kidogo. Walikupenda."

Nikaiona ile foleni. Kusema nisiseme, kucheka wamecheka.

"Profesora yuko hapa, anataka kukusalimu," akasema, na kabla sijajibu simu ikashikwa na mwingine, mwanamke mwenye sauti laini.

"Shikamoo mama. Mjukuu wako ni hodari sana. Tunakuomba ile sentensi yenyewe kwa sauti yako, mara moja tu, kazi yake ikamilike vizuri."

Nikaitikia marahaba, nikamuuliza watoto hawajambo, nikangoja aseme hawajambo. Kisha nikamjibu.

"Hilo silisemi. Kinywani mwangu halipiti."